Shujaa aliyegeuka mlezi: Ultraman mpya awagawa mashabiki

*Alizaliwa Japani mwaka 1966 ili apigane na madubwana. Wamarekani wamempa dubwana mchanga amlee, na ubishi haujatulia hadi leo.*

Yai linapasuka mikononi mwake. Ndani kimo kitoto cha dubwana, rangi ya waridi, macho makubwa, kinywa wazi. Kinamtazama aliyekishika, jitu la fedha na nyekundu lililotoka vitani usiku huohuo, na papo hapo kinaamua: huyu ndiye mama yangu.

Jitu hilo ni Ultraman. Kwa karibu miaka 60 watoto wa Japani wamemjua kwa kazi moja, kuyazuia madubwana yanayobomoa miji. Sasa ameachiwa mtoto wa dubwana mwenye urefu wa zaidi ya mita 10, anayelia, anayecheua, anayetema moto na asiyetaka kulala. Kumpiga haiwezekani. Kumtupa haiwezekani pia.

Hapo ndipo filamu ya katuni ya Ultraman: Rising inapopata moto wake, na hapohapo ndipo mashabiki walipoachana njia. Wapo walioona shujaa wao amepata moyo mpya. Wapo walioona ameporwa jina, akashikishwa nepi mkononi na kugeuzwa yaya.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Annecy, Ufaransa, Juni 12, 2024, na siku mbili baadaye ikawekwa Netflix kwa dunia nzima. Aliyeiongoza ni Mmarekani Shannon Tindle, akisaidiana na John Aoshima, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Picha zilitengenezwa na Industrial Light & Magic, kampuni iliyoanzishwa na George Lucas kwa ajili ya Star Wars. Wenye mali, Tsuburaya Productions ya Tokyo, walitoa ruhusa na kushiriki katika kazi.

Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa mwandishi aliyepewa kazi. Mara ya tatu hakuna aliyenituma.

Mgeni kutoka nyota za mbali

Msomaji ambaye hakukua na Ultraman anahitaji kusimuliwa, maana bila kisa cha kwanza hasira ya mashabiki haieleweki.

Eiji Tsuburaya, mzaliwa wa mji wa Sukagawa mkoani Fukushima, ndiye fundi aliyejenga vijumba vidogo vya Tokyo ili Godzilla avikanyage katika filamu ya 1954. Miaka 12 baadaye, akiwa na kampuni yake mwenyewe, alipeleka madubwana kwenye runinga. Ultraman alianza rasmi katika kituo cha TBS Jumapili ya Julai 17, 1966, na kumalizika Aprili 9, 1967, baada ya sehemu 39. Kwa wastani, asilimia 36.8 ya nyumba zilizopimwa zilikuwa zikimtazama.

Kisa chenyewe ni chepesi na kizito kwa pamoja. Mgeni kutoka nyota za M78 anamfukuza dubwana hadi duniani, na njiani anagongana na chombo cha Hayata, kijana wa kikosi cha ulinzi. Hayata anakufa. Mgeni anajuta. Anampa uhai wake, na tangu siku hiyo wanaishi wawili katika mwili mmoja. Hatari inapofika, Hayata anageuka jitu la mita 40, lakini nguvu zake duniani hazidumu. Dakika 3, kila shabiki anajua, na taa ya kifuani inaanza kumweka nyekundu.

Kwa hiyo Ultraman wa kwanza hakuwa mwanadamu aliyepata nguvu. Alikuwa mgeni aliyemkosea mtu, akaamua kulipa kwa kubaki. Neno hilo, kubaki, namwomba msomaji alishike.

Uso uliochongwa

Sura yake ilitoka mikononi mwa mchongaji, Tohl Narita. Narita hakutaka pembe, joho wala misuli ya kutisha. Aliondoa kila kitu kinachoweza kuondolewa mpaka ukabaki uso mtulivu, wenye midomo iliyofungwa na tabasamu dogo ambalo hujui kama linaanza au linaisha, kama lile la sanamu za kale za Wagiriki. Vazi lilitengenezwa kwa kipimo cha mwigizaji Bin Furuya, kijana mrefu mwenye miguu mirefu.

Kisha yakaja mahitaji ya kazi. Furuya alikuwa haoni, yakatobolewa matundu madogo machoni pa kinyago. Vazi lilihitaji zipu mgongoni, ikafichwa kwa kitu kama pezi la samaki. Na ili mtazamaji mdogo ajue shujaa anaishiwa nguvu, ikabandikwa ile taa kifuani. Narita hakuipenda taa hiyo maisha yake yote. Alipomchora Ultraman kwa mkono wake baadaye, alimchora bila taa.

Hata kinyago chenyewe hakikuwa kimoja. Katika sehemu zile 39 vilitumika vitatu. Cha kwanza kilikusudiwa kufungua kinywa wakati wa kusema, lakini hilo halikufaulu, na ukimtazama Ultraman wa wiki za mwanzo utaona makunyanzi kuzunguka midomo, kama uso wa mtu aliyekesha. Cha pili kikalainishwa. Cha tatu kikanyooshwa zaidi.

> Hata katika mfululizo wa kwanza, ndani ya miezi 9, uso wa Ultraman ulibadilika mara mbili.

Nayasimulia haya kwa sababu lalamiko la kwanza lililosikika dhidi ya filamu mpya lilikuwa la umbo. Ultraman wa Tindle ana kifua kipana, kiuno chembamba na miguu mirefu mikonde kama ya korongo. Anapinda na kunyumbulika namna ambayo mtu ndani ya vazi la mpira hawezi. Wakongwe walisema huyu si yeye, kwa kuwa uzito wa Ultraman umo katika yule mtu anayetokwa jasho ndani ya vazi, katika vumbi la kijumba halisi kinapoanguka.

Lalamiko hilo nalielewa, ila silikubali. Mwaka 2022 Wajapani wenyewe, Shinji Higuchi na Hideaki Anno, walitoa filamu ya Shin Ultraman. Waliondoa taa ya kifuani, wakaondoa pezi la zipu, wakaziba matundu ya macho, na jitu likachorwa kwa kompyuta. Walifanya hivyo kumheshimu Narita. Mashabiki wengi walipiga makofi. Kama Mjapani anaweza kuondoa taa iliyokaa kifuani zaidi ya nusu karne na akaitwa mwaminifu, basi kigezo cha uaminifu si mstari wa kiuno.

Walichokataa wakongwe

Lalamiko la pili ni zito, na hapa nasimama upande wa wakongwe kwa sehemu kubwa.

Katika filamu mpya, Ultraman ni Ken Sato, nyota wa besiboli aliyehamia Los Angeles akiwa mtoto pamoja na mama yake. Anarudi Japani kuichezea Yomiuri Giants, timu halisi ya Tokyo. Kwa siri amerudi pia kuchukua nafasi ya baba yake, Profesa Sato, ambaye ndiye aliyekuwa Ultraman hadi mwili ulipochoka. Nguvu imetoka kwa baba kwenda kwa mwana, inarithiwa kama shamba.

Yule mgeni yuko wapi? Yule aliyeua kwa bahati mbaya, akajuta, akabaki? Hayupo. Katika sehemu ya mwisho ya 1967, baada ya Ultraman kushindwa na dubwana Zetton, mwenzake Zoffy anakuja kumrudisha kwao. Ultraman anaomba uhai wake apewe Hayata. Yuko radhi afe yeye, mwanadamu aishi. Watoto wa Japani waliokaa mbele ya runinga jioni ile leo ni wazee wenye wajukuu, na bado wanaisimulia. Ukimfanya Ultraman kuwa urithi wa ukoo mmoja, umeondoa jambo lililomtofautisha na mashujaa wengine wote: kwamba hakuwa na deni la damu kwetu, na bado alitupenda.

Filamu inagusia M78 mwishoni kabisa, majina ya watengenezaji yakiwa yameanza kupita. Kwa shabiki aliyesubiri kwa takriban saa mbili, hicho ni kijiko kimoja kwa mwenye njaa.

Wengine walichukizwa na Ken mwenyewe. Anajisifu, anawadharau waandishi, anapigana huku akitafuta kamera. Hilo halinisumbui, maana filamu inalijua na inamvunja taratibu. Wengine walihesabu mapigano na kuyaona machache. Ni kweli ni machache. Neronga, dubwana mla umeme wa tangu mwaka 1966, anaonekana mwanzoni, na shabiki mzee anaruka kitini kwa furaha, halafu mambo yanahamia kwenye kulisha, kubembeleza na kukosa usingizi.

Na ipo hoja ya tano, inayosemwa kwa sauti ya chini: hadithi hii haikuzaliwa kuwa ya Ultraman. Ni kweli. Tindle alilibeba wazo hilo kwa karibu miaka 20, na kwa muda lilikuwa mradi wa Sony ulioitwa Made in Japan, wenye shujaa wake mwenyewe aliyechorwa kwa mapenzi ya Ultraman. Mradi ulikufa huko. Ulipofufukia Netflix ndipo mlango wa Tsuburaya ulipobishwa, na Mei 2021 ukatangazwa kwa jina la Ultraman.

Kwa wanaoshuku, huo ni ushahidi wa jina kupachikwa juu ya kazi nyingine. Mimi nauona kinyume. Mtu aliyekaa na mapenzi ya utotoni kwa miaka yote hiyo, akafungiwa mlango, akaendelea kuchora, hakutumwa na idara ya mauzo.

Makovu ya majaribio ya zamani

Hofu ya mashabiki haikutoka hewani. Wameumwa na nyoka, wanaogopa hata ung'ong'o.

Mwaka 1987 kampuni ya Hanna-Barbera ilishirikiana na Tsuburaya kutengeneza katuni ya Ultraman wa Kimarekani, au tuseme watatu, marubani wa maonyesho ya ndege wanaoingiwa na nguvu kutoka angani. Ilikusudiwa kufungua njia ya mfululizo. Mfululizo haukuja. Mwaka 1990 ukaja ule uliopigwa Australia, sehemu 13, ambao una wapenzi wake hadi leo. Mwaka 1993 wakaenda Hollywood kutengeneza Ultraman Powered, sehemu nyingine 13.

Huo wa 1993 ndio uliotia jeraha. Madubwana yalisanifiwa vizuri kuliko wakati wowote kabla ya hapo, lakini mavazi yalikuwa dhaifu na mapigano yakafanywa kwa kusukumana polepole, karibu kwa kuogopana. Shabiki aliyezoea kuona Ultraman akimwinua dubwana na kumbwaga chini alibaki kutazama watu wawili wanaokwepana. Tangu hapo, neno Hollywood likitajwa kando ya Ultraman, wengi huona picha hiyo.

Hati ya 1976

Kwa nini basi shujaa maarufu namna hii alibaki karibu haonekani Marekani na Ulaya kwa miongo miwili, wakati Pokémon na Dragon Ball wanajaza maduka? Sababu kubwa ni kesi.

Mtengeneza filamu wa Thailand, Sompote Saengduenchai, alidai ana hati ya mwaka 1976 iliyosainiwa na Noboru Tsuburaya, mtoto wa Eiji, inayompa haki za Ultraman nje ya Japani. Hati hiyo ilijitokeza hadharani baada ya Noboru kufariki mwaka 1995. Kesi zikazunguka Japani, Thailand, China na Marekani, na hukumu zikapingana nchi kwa nchi. Hakuna kampuni kubwa inayopenda kumwaga fedha kwenye mali yenye wadai wawili. Mwaka 2017 kampuni moja ya Guangzhou, China, ilitoa hata filamu nzima ya katuni ikiwa na Ultraman ndani yake bila ruhusa ya Tsuburaya.

Novemba mwaka huohuo, baraza la mahakama mjini Los Angeles liliamua kwamba hati ile si ya kweli. Rufaa ikagonga mwamba mwaka 2019. Miaka miwili haikupita kabla mradi wa Netflix haujatangazwa.

> Kesi ilipokwisha ndipo Ultraman alipopata tena pasi ya kusafiri.

Kwa hiyo Rising ilibeba mzigo kuliko filamu ya kawaida. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamilioni ya watoto nje ya Asia kumwona Ultraman akiwa amesafiri kwa idhini kamili ya wenyewe. Kama ingewachosha, huenda asingepewa nafasi nyingine. Kama ingewapendeza kwa kumgeuza kitu kingine, wakongwe walijiuliza, atakayekumbukwa ni nani?

Waliolia ni wazazi

Upande wa pili wa ubishi umejaa watu ambao wengi wao hawakuwa mashabiki hata kidogo. Ni kina mama na kina baba waliokaa na watoto wao kutazama katuni wasiyoijua.

Kinachowashika kinaeleweka. Ken anamwita mtoto yule Emi, jina lililokatwa kutoka kwa Emiko, mama yake mwenyewe ambaye ametoweka. Nyumbani anasaidiwa na roboti mdogo anayeelea hewani, Mina, ambaye sauti yake ni ya mama huyo. Kijana aliyeapa kwamba baba yake alimtelekeza kwa ajili ya kazi anagundua, usiku hadi usiku, jinsi kazi na mtoto vinavyogombania mwili mmoja. Uwanjani anakosa mpira kwa sababu hajalala. Kwa unyonge anamrudia baba yake kuomba msaada. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Ken anaujua akiwa amechelewa.

Wapo pia walioguswa na jambo jingine: akiwa Marekani alionekana Mjapani, akirudi Japani anaonekana Mmarekani. Watu wenye asili ya Japani waliokulia ng'ambo hawakuhitaji kueleweshwa.

Na adui si dubwana. Ni Daktari Onda, mkuu wa kikosi cha kupambana na madubwana, aliyepoteza mke na mtoto wa kike katika shambulio. Anataka Emi amwonyeshe kisiwa cha madubwana ili ayamalize yote. Ni baba aliyefiwa. Filamu haimfanyi mwovu wa kuzomewa, na hilo ndilo lililonifanya nirudi kuitazama.

Huruma haikuanza 2024

Sasa nije kwenye shutuma kubwa kuliko zote, ile inayosema Wamarekani wamemlainisha Ultraman, kwamba shujaa wa Kijapani aliyepiga na kuua amefanywa mpole ili apendeze familia za Magharibi.

Anayesema hivyo amesahau ile ya 1966 yenyewe.

Machi 1967, sehemu ya 35, kikosi cha Hayata kinafanya ibada ya kuyaombea marehemu madubwana yaliyouawa, picha zao zikiwa zimepangwa kama za wafu wa nyumbani. Dubwana la wiki hiyo, Seabozu, ni mifupa mitupu iliyoanguka kutoka makaburi ya angani na inayotaka kitu kimoja tu, kurudi. Ultraman hamuui. Anamsaidia arudi kwao.

Mwaka 2001 Tsuburaya walitoa Ultraman Cosmos, ambaye kwa rangi ya buluu hutuliza dubwana badala ya kulipiga, na humo kipo kisiwa cha hifadhi ambako madubwana huishi kwa amani. Kisiwa cha Rising kina ndugu yake mkubwa huko. Na ukienda Sukagawa alikozaliwa Tsuburaya, mji ambao mwaka 2013 ulijitangaza kuwa dada wa nchi ya M78, utakuta sanamu barabarani. Za mashujaa zipo. Za madubwana nazo zipo, zimesimama kwenye barabara ileile.

Lakini kama ningepewa sehemu moja tu ya kumwonyesha anayemlaumu Tindle, ningechagua ya 23, iliyorushwa Desemba 18, 1966, ikaongozwa na Akio Jissoji. Dubwana lake linaitwa Jamila. Sisi tunaotumia Kiswahili jina hilo tunalo mitaani, tunampa binti tukimtakia uzuri. Katika kisa hiki Jamila alikuwa mwanaanga. Chombo chake kilipotea, akatua kwenye sayari isiyo na tone la maji, na nchi iliyomrusha ikaficha habari kulinda jina lake. Hakuna aliyemfuata. Ukame ukambadilisha mwili, ngozi ikawa kama udongo uliopasuka. Anaporudi duniani kulipiza, amri inatoka makao makuu Paris: mwueni kama dubwana yeyote, na asijulikane kuwa alikuwa mtu.

Ultraman anamwua. Kwa maji. Kitu kilekile alichokosa huko juu ndicho sasa kinachomyeyusha. Jamila anagaagaa kwenye tope mbele ya jengo la mkutano wa amani, anazikwangua kwa mikono bendera za mataifa zilizoangushwa, na sauti anayotoa hadi pumzi ya mwisho inafanana na kilio cha mtoto mchanga.

Nilipomsikia Emi akilia kwenye filamu mpya, niliirudisha ile ya 1966 nikasikiliza tena. Safari hii kuna aliyemwinua.

Baada ya Jamila kufa, wanamwekea kibao kinachomsifu kuwa alijitoa kwa ajili ya binadamu na sayansi. Wenzake wanaanza kuondoka. Ide, mchekeshaji wa kikosi, anabaki nyuma peke yake akikitazama. Wanamwita jina, wanamwita tena, naye bado amesimama pale.